Ukifika msikitini Ijumaa khutba imeshaanza

Ukichelewa Ijumaa pale msikiti wa Riyadha, Lamu, ukamkuta khatibu, yaani mtoa khutba, keshapanda mimbari, usikimbilie kukaa. Tanguliza mguu wa kulia, sema "Allahumma iftah li abwaba rahmatik" (Ewe Mola, nifungulie milango ya rehema zako), kisha sali rakaa 2 za tahiyatul masjid, yaani sala ya kuamkia msikiti, nyepesi nyepesi, ndipo ukae usikilize. Wengi wetu huketi moja kwa moja tukidhani ndiyo adabu. Usiruke mabega ya watu ukitafuta safu ya mbele. Na jirani akipiga soga, usimwambie "nyamaza". Hilo nalo ni kuzungumza wakati wa khutba. Kutoka, mguu wa kushoto. Ila makubadhi yako yatie alama, maana siku za Maulidi pale mlangoni yote ni pacha.