Pima mafuta kabla hujapunguza ugali

Wengi wakitaka kupunguza mwili hukimbilia kukata ugali. Mimi naomba uanze na chupa ya mafuta. Gramu 1 ya wanga au protini ina kalori 4 hivi. Gramu 1 ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni karibu kalori 120, sawa na gramu 30 na kitu za unga mkavu wa sembe.

Sasa angalia mkono wako ukiunga mchicha: ule mmiminiko mmoja wa haraka huwa ni vijiko vitatu au vinne. Hapo umeshatia kalori zaidi ya 350 kwenye mboga ambayo yenyewe karibu haina kitu. Wiki hii mimina kwanza kwenye kijiko, kisha kwenye sufuria. Vijiko viwili vinatosha kabisa mboga ya watu wanne, na nyanya zikiiva vizuri zinatoa mchuzi wake.

Chai nayo ihesabu. Kijiko kidogo cha sukari ni kalori 16 hivi. Vijiko vitatu mara vikombe vitatu, unakaribia 150 kwa siku.

Kwa makadirio ya jumla mwanamke mzima huhitaji kalori kama 2,000 kwa siku na mwanaume 2,500, ila anayeshinda na jembe shambani huhitaji zaidi ya anayeshinda kwenye kiti. Watoto wadogo usiwabanie mafuta, wanakua.