Mambo ya kuzingatia kabla ya kupima fursa ya kujifunza kwa data za tathmini za usomaji

Alama ya mtoto kwenye mtihani wa kusoma haisemi alifundishwa nini. Inasema aliweza nini siku ile, na ndani ya uwezo huo wamo wazazi waliomsimulia hadithi, vitabu vilivyomo nyumbani, lugha inayozungumzwa mezani, na mwalimu pia. Anayetaka kujua fursa ya kujifunza, yaani kama mtoto amepewa muda, maandishi na mafundisho ya kumfikisha kwenye kusoma, ataikuta zaidi kwenye madodoso ya mwalimu na mkuu wa shule. Kwa hiyo kabla hujapakua faili la data hata moja, andika kwa sentensi moja ni fursa ipi unayoipima. Ni muda? Ni aina ya maandishi wanayosomeshwa? Ni stadi zinazosisitizwa, au darasa ambalo stadi hizo huanza kutiliwa mkazo? Ukiliacha swali wazi utaishia kuokota safu iliyotoa matokeo ya kupendeza.

Wazo lenyewe lilianza miaka ya 1960. John Carroll, mwanasaikolojia wa Marekani, alilijenga mwaka 1963 juu ya muda wa kujifunza, na uchunguzi wa kwanza wa hisabati wa IEA, shirika la kimataifa la tathmini za elimu, ukawauliza walimu kama wanafunzi wao walikuwa wamepata nafasi ya kujifunza yale yaliyoulizwa kwenye mtihani. Kwa hisabati swali hilo lina jibu: hesabu za sehemu ama zimefundishwa ama bado. Kusoma hakuna mada za namna hiyo. Habari ileile inaweza kusomwa darasa la tatu na la nane, maswali yakawa mengine. Ndiyo maana fursa katika usomaji hutafutwa kwenye vitu vinavyoshikika: saa kwa wiki, urefu wa maandishi, kazi anayopewa mtoto baada ya kusoma. Dodoso la mwalimu la PIRLS, tathmini ya kimataifa ya usomaji inayoendeshwa na IEA, kwa mfano, huuliza ni mara ngapi wanafunzi hutakiwa kutafuta habari iliyotajwa wazi, kutambua wazo kuu, kutoa ushahidi wa walichokielewa, kutabiri kitakachofuata, na kutambua mtazamo wa mwandishi. Limeuliza pia kama wanasoma hadithi fupi tu au vitabu virefu vyenye sura. Swali hili la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kufuatilia wahusika na matukio kutoka sura hadi sura hakufundishiki kwa vifungu vya nusu ukurasa.

Kisha hakikisha tathmini uliyoichagua inaweza kubeba swali lako. PIRLS, inayofanyika kila baada ya miaka mitano tangu 2001, hupima darasa la nne na huchukua darasa zima, kwa kawaida moja au mawili kila shule, na mwalimu wa darasa hilo ndiye anayejaza dodoso. Majibu yake yanamhusu kweli mtoto aliyepimwa. PISA, tathmini ya kimataifa ya OECD, huchagua vijana wa miaka 15 waliotawanyika katika madarasa mbalimbali ya shule, kwa hiyo huwezi kumuunganisha kijana fulani na mwalimu wake. Fursa hubaki kuwa kile anachokieleza kijana mwenyewe, au wastani wa shule. SACMEQ, tathmini ya nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, ile ya mwaka 2007 iliyopima darasa la sita, ina kitu adimu: walimu nao walifanya mtihani, hivyo umahiri wa mwalimu unaweza kuhesabiwa kama sehemu ya fursa. EGRA, tathmini ya kusoma kwa madarasa ya mwanzo, ni zana nyingine kabisa. Mtoto husikilizwa peke yake akisoma kwa sauti, na baadhi ya sehemu huwekewa dakika moja. Pale wengi wanapopata sifuri, wastani wa maneno kwa dakika hupotosha. Hesabu kwanza asilimia ya waliopata sifuri, kisha wachunguze waliobaki peke yao.

Faili zikishafunguka, usikimbilie kutafuta uhusiano. Tazama kwanza mgawanyo wa majibu ya kila swali la fursa. Majibu ya PIRLS huanzia «kila siku au karibu kila siku» hadi «kamwe au karibu kamwe», na kwa stadi rahisi kama kutafuta habari iliyo wazi walimu hurundikana upande mmoja. Safu ambayo karibu kila mwalimu amejibu sawa haiwezi kueleza tofauti kati ya madarasa, maana yenyewe haina tofauti. Utaiona tofauti kwenye stadi ngumu, kama kulinganisha maandishi mawili au kueleza muundo na mtindo wa mwandishi. Ukichanganya stadi rahisi na ngumu kwenye faharasa moja, yaani alama moja ya jumla, zile rahisi zitaizimisha. Kumbuka pia kwamba «kila siku» ya mwalimu mmoja ni swali moja la haraka mwisho wa kipindi, na ya mwingine ni dakika 20 za mjadala.

Muda nao una mitego yake. Mwalimu huandika saa za somo la lugha kwa wiki. Mkuu wa shule huandika siku za masomo kwa wiki na kwa mwaka. Gawa saa za wiki kwa siku za wiki, kisha zidisha kwa siku za mwaka. Saa 6, siku 5, siku 190: 6 gawanya kwa 5 ni 1.2, mara 190 ni saa 228 kwa mwaka. Sasa chukua mwalimu mwingine wa shule hiyohiyo aliyeandika 30. Hesabu yake inatoa saa 1,140, yaani kana kwamba watoto hawafundishwi kitu kingine. Huenda amejaza saa zote anazokaa na darasa, huenda amehesabu vipindi. Usikisie. Linganisha jibu na jumla ya saa za masomo za shule. Likiikaribia au kuizidi, lihesabu kama jibu linalokosekana na uandike kwenye ripoti ni walimu wangapi umewaondoa hivyo. Na saa za lugha zisichanganywe na saa za kusoma, kwani za lugha zina sarufi na uandishi ndani yake. Juu ya yote, huu ni muda uliopangwa. Mtoto asiyefika shuleni hakuupata, kwa hiyo weka kando yake swali la utoro wa mwanafunzi kama lipo.

Kuunganisha faili za walimu na za wanafunzi kunahitaji subira. Mtoto mwenye walimu wawili wa lugha atatokea kwenye mistari miwili, na asipogawiwa uzani, yaani namba inayoonyesha anawakilisha wanafunzi wangapi, atahesabiwa mara mbili. PIRLS ina uzani wake kwa kazi hii, TCHWGT, unaogawanya uzani wa mtoto kwa idadi ya walimu wake. Sampuli ni ya wanafunzi, haikuchaguliwa iwakilishe walimu, kwa hiyo sentensi sahihi ni «asilimia fulani ya wanafunzi wana walimu wanaosema…».

Jambo linalowaangusha wengi zaidi ni mwelekeo wa sababu. Ukilinganisha saa za kusoma na alama, mara nyingine utakuta madarasa yenye saa nyingi yana alama ndogo. Si lazima saa ziwe zimewadhoofisha watoto. Huenda shule iliona wanasuasua ikawaongezea vipindi, na data zilizokusanywa mara moja haziwezi kutenganisha dawa na ugonjwa. Amua mapema utazingatia nini cha nyumbani: idadi ya vitabu, shughuli za kusoma kabla ya kuanza shule, herufi alizozijua mtoto siku ya kwanza, na kama lugha ya mtihani ndiyo ya nyumbani. Mengi ya haya hutoka dodoso la wazazi, ambalo baadhi ya nchi hazilitumii na kwingine hurudi pungufu, hasa kutoka familia zenye hali ngumu. Hesabu pengo hilo kabla ya kujenga modeli juu yake. Wala usiondoe kihesabu kile ambacho fursa yenyewe hukizaa, kama mtoto kupenda kusoma au kujiamini, kwani utakuwa umefuta sehemu ya unachokitafuta.

Kwa maoni yetu, swali linalojibiwa vizuri zaidi na data hizi ni lile linaloiweka fursa upande wa matokeo: je, watoto wa nyumba zenye vitabu 10 au pungufu wanapewa vitabu vyenye sura mara chache kuliko wenzao? Hapo huhitaji kuthibitisha kwamba kitu kimesababisha alama. Tofauti yenyewe ni dhuluma inayotosha kuripotiwa.

Upande wa takwimu, kila mtoto wa PIRLS husoma maandishi mawili tu kati ya mengi, na alama yake hutolewa kama makadirio matano ya uwezo wake. Usiyawekee wastani kwanza. Fanya uchambuzi mara tano, unganisha majibu, na ujumlishe tofauti kati ya makadirio kwenye kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho matokeo yangetofautiana kama wangechaguliwa wanafunzi wengine. Ukiweka nchi kadhaa pamoja, uzani wa kawaida wa mwanafunzi, TOTWGT, utaziacha nchi kubwa zimeze ndogo. Uzani mwingine, SENWGT, huipa kila nchi jumla ya 500, iwe kubwa au ndogo. Kuwa mwangalifu pia na mzunguko wa 2021: kwa sababu ya janga la UVIKO-19, baadhi ya nchi zilipima mwanzoni mwa darasa la tano, watoto wakiwa wamekua kwa miezi kadhaa.

Jaribio la mwisho kabla ya kazi yenyewe ni kutoa upya wastani wa nchi moja uliokwisha kuchapishwa, pamoja na kosa lake sanifu, yaani kipimo cha mashaka ya wastani huo. Wastani ukikataa, kagua uzani, kisha misimbo ya majibu yanayokosekana, kama 9 na 99, iliyoachwa ihesabiwe kama majibu halisi. Wastani ukikubali na kosa likatoka dogo mno, programu imewachukulia watoto kana kwamba walichaguliwa mmoja mmoja. Rudi kwenye JKZONE na JKREP, safu zinazotumika kukokotoa kosa hilo kwa kufuata namna sampuli ilivyochaguliwa, au tumia IDB Analyzer, programu ya IEA inayozisoma safu hizo yenyewe.