Umealikwa Kughani Kampala? Fanya Hivi

Tangulia na kadi ya homa ya manjano, maana Entebbe wataiulizia hiyo kabla ya shairi. Kutoka uwanja wa ndege hadi Kampala ni kama kilomita 40. Ukisema "teksi" utaelekezwa kwenye basi dogo la abiria 14, kwa hiyo eleza kwamba wataka gari la peke yako, mpatane bei kabla mlango haujafungwa. Saa usiibadilishe.

Sasa lugha, hapo ndipo penye kazi. Utaambiwa, pengine na mwenyeji wako mwenyewe, kwamba Kampala hawajui Kiswahili. Si kweli tupu. Wazee wengi wanakikumbuka kama lugha ya kambini, ya enzi za Idi Amin, ya kuamrishwa ulale chini. Jeshi na polisi wanakitumia mpaka leo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na 2022 baraza la mawaziri likaridhia kiwe somo la lazima shuleni. Kwa hiyo ukumbini wamekaa wanaokiogopa pamoja na watoto wao wanaokisoma.

Tafuta anayekijua, umghanie kabla ya jukwaa. Wangu alikuwa askari wa getini, bunduki begani, aliyepekua mkoba akakuta daftari.

"Hii ya nini, mama?"

"Mashairi, baba."

"Soma moja, basi."

Nikamsomea ubeti palepale kwenye foleni. Akataka na wa pili, wa nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Pale nilijua lipi litapita ukumbini.

Ukipata nusu siku, panda Makerere, kwenye chuo kikuu. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana pale, mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa jirani tu Tanganyika, hakuwa na kiti, na mwezi huohuo akafariki. Nina kinyongo na mkutano ule, sifichi. Ndiyo maana nasema usikubali tafsiri itangulie. Waandaaji watapendelea hivyo, eti watu wasipotee. Waache wapotee kidogo: ghani kwanza, halafu mwenyeji asome maana kwa ufupi.

Chukua tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, la beti tatu au nne, lenye kibwagizo chepesi, mizani (silabi) nane kwa nane. Salimu kwa Kiganda, "Mugyebale ko", wakishaitika wafundishe kibwagizo kabla hujaanza. Ubeti wa kwanza watakuitikia kwa aibu, wa pili wataimba. Maikrofoni isogeze mbali na mdomo, kiasi cha shubiri. Huwa imetegwa kwa vijana wa mashairi ya jukwaani, wanaosema kwa kunong'ona, na sauti ya ghani ikiingia kwa karibu hupiga yowe. Vijana haohao wakipendezwa na mstari wataalisha vidole. Usisite, usishukuru, endelea na mizani yako.

Kipindi cha maswali kina swali lisiloepukika: kwa nini bado unaandika kwa vina? Mimi hujibu kwa ubeti mwingine. Wengine huona ni kiburi, na sawa tu.

Vitabu weka bei kwa shilingi ya Uganda, na uwe na mtu mwenye laini ya huko akupokelee malipo ya simu, maana si kila mnunuzi anatembea na noti.