Neno “Naweza” Lilivyoninyima PIP: Vipimo vya Mapafu na Tathmini ya Ulemavu Uingereza

Swali la kwanza kwenye simu ya tathmini ya PIP, yaani malipo ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, lilikuwa habari za asubuhi. Nikajibu kama bibi yangu alivyonifunza kule Tanga: salama, namshukuru Mungu. Wakati huo nilikuwa nimeketi kitandani, hata bafuni sijafika, lakini nani humjibu mgeni kwa kumwaga maradhi yake mlangoni? Baadaye, nilipoomba nakala ya ripoti ya tathmini, nikakuta imeandikwa kwamba mwombaji alisema anaendelea vizuri na alizungumza bila kuhema. Salamu yangu ilikuwa imegeuzwa ushahidi.

Yaliyo mepesi nayapitia haraka. Kabla hujagusa fomu ya PIP, tazama viza yako. Kama ina sharti la kutogusa fedha za umma, acha kabisa, maana PIP ni mojawapo na unaweza kujiharibia ruhusa ya kukaa nchini. Kwa kawaida uwe umekaa nchini wiki 104 kati ya 156 zilizopita, ingawa mkimbizi aliyekubaliwa hafungwi na hilo. Ugonjwa uwe umekusumbua miezi 3 na unatarajiwa kuendelea 9 mingine. Scotland wana malipo yao wenyewe. Fomu irudishwe ndani ya mwezi mmoja.

Sasa ile karatasi ya kipimo cha mapafu, kile cha kupuliza kwenye mashine. FEV1 ni hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza ukipuliza kwa nguvu zako zote. FVC ni jumla yote mpaka mapafu yaishe. Zangu zilikuwa lita 1.4 na lita 2.6. Gawanya, unapata 0.54. Ikiwa chini ya 0.70 hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua kifua, basi njia za hewa zimeziba. Halafu kuna asilimia, ambayo hulinganisha FEV1 yako na ya mtu mzima wa afya mwenye umri, jinsia na kimo kama chako. Mimi nilipata 46. Ugonjwa huu wa mapafu wa kuziba njia za hewa, ukiwa kati ya 30 na 49 madaktari wanauita mkali, daraja la tatu kati ya manne.

Hapo pana jambo linalotuhusu sisi weusi. Kwa miaka mingi mashine zilikuwa na kisanduku cha rangi ya mtu, na ukiwekwa kwenye cha weusi, kiwango unachotarajiwa kufikia hushushwa, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15. Matokeo yake, mapafu mabovu yaleyale yanaonekana nafuu kwenye karatasi. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilipendekeza hesabu isiyotazama rangi. Kwa hiyo uliza karatasi yako imetumia hesabu ipi, hasa kama ya zamani na ya sasa hazifanani wakati wewe hujabadilika. Kuhusu kujiandaa kwa kipimo chenyewe, fuata barua ya hospitali inayosema inhela ipi uiache na kwa saa ngapi, usile ukashiba sana, usivae nguo za kubana, na upulize mpaka uambiwe basi.

Nilipoiona ile 46 nikajua kesi imekwisha. Kwetu, barua ya daktari bingwa yenye muhuri ikishatua mezani, nani tena atakuhoji? Huku asilimia ya mapafu haina alama hata moja kwenye PIP. Narudia kwa sababu mimi niliambiwa lakini sikusikia: haina hata moja. Alama zinatokana na kupika, kuoga, kuvaa, kutembea na kadhalika, shughuli 12 kwa jumla. Ukipata 8 za kutembea unalipwa kiwango cha kawaida, ukipata 12 unalipwa cha juu.

Swali lililoniangusha likaja taratibu. Unaweza kutembea umbali gani? Nikasema mita 100, naweza.

Hiyo 100 niliitoa kwenye barua ya daktari. Madaktari wa mapafu wana ngazi 5 za kuhema, na mimi nimeandikwa ngazi ya 4, yaani husimama kutafuta pumzi baada ya kama mita 100. Daktari hapo anaeleza unaposimama kuhema. Mtathmini aliisikia kama umbali ninaoumudu, na wala hakuwa mtaalamu wa mapafu. Kwenye jedwali lao, anayemudu mita 50 hadi 200 anapata alama 4. Wa mita 20 hadi 50 bila kifaa anapata 8. Neno moja likanila alama 4, na pamoja nazo pesa yote ya kutembea.

Sheria yenyewe haiulizi kama unaweza mara moja, siku moja, kwa kujikaza. Inauliza kama unaweza kwa usalama, kwa namna inayofaa, kurudia kila inapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Tena iwe hivyo zaidi ya nusu ya siku zako. Usiposhinda hayo yote, kwa macho ya sheria huwezi. Mimi mita 100 nazifika kwa kusimama mara tatu, nikishika ukuta, kisha nakaa dakika arobaini, na siku hiyo sitoki tena. Hayo hayakuulizwa, nami sikuyasema. Yaseme hata usipoulizwa. Na pima njia yako kabla ya simu, usikisie: mabasi mawili ya ghorofa yakifuatana ni kama mita 20.

Mpwa wangu, ambaye nampenda, alikuwa pembeni kunisaidia lugha. Lilipokuja swali la kupika akanidaka mdomoni: mjomba anapika pilau tamu sana! Kweli, siku ya Idi, mimi nimekaa kwenye kigoda natoa amri, yeye ndiye anakata vitunguu na kuinua sufuria. Vijana wetu wanadhani kumsifu mzee ni kumsaidia. Omba mkalimani rasmi, hulipii chochote. Shemeji yangu naye alishauri nishike fimbo nisiyoitumia na niseme siinuki kitandani. Usithubutu. Uongo huo ni kosa la jinai, na shida ya kweli inatosha ukiieleza yote.

Waingereza nao wana mambo. Ukimsalimu jirani aliyevunjika mguu atakwambia si vibaya sana. Lakini mpe fomu: atakuandikia kurasa tatu za goti lake bila haya. Wamejifunza kutenga salamu na fomu. Sisi kwetu jirani anakuona ukisimama chini ya mwembe kila asubuhi, huna haja ya kusema. Huku jirani hakujui jina.

Nilikataliwa. Ukikataliwa, una mwezi mmoja kuomba uamuzi utazamwe upya. Wakikataa tena, nenda rufaa kwenye baraza huru, ni bure. Huko nilikuta jaji, daktari na mtu wa tatu anayeyajua maisha ya ulemavu. Nilipeleka daftari la wiki mbili: nimetembea wapi, nimesimama mara ngapi, nimepumzika muda gani. Daktari akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: ukishafika, unafanya nini? Nikasema nakaa. Akauliza mpaka lini. Nilipomaliza kujibu sikuwa na pumzi, na safari hii sikujikaza kuificha.

Nikapata zile 8. Ukipewa na unataka kwenda nyumbani zaidi ya wiki 4, toa taarifa kwanza. Kwa safari ya kawaida malipo huendelea hadi wiki 13. Binamu yangu amepiga mara mbili kuuliza kama na yeye, kwa kuwa ana pumu, anaweza kujaza fomu akiwa Tanga. Hapana, binamu. Na ile inhela ya kila siku uivute kila siku, usingoje mpaka ubanwe.