Rivasi ya kigari cha mtoto: nyaya ni kazi ndogo, breki ndiyo kubwa

Kigari cha betri cha binti yangu nilikichomelea mwenyewe hapa Nakuru, kwa chuma cha mraba. Kilikuwa cha kwenda mbele tu. Akikwama kwenye ua, anashuka, anashika bampa na kukivuta. Sasa betri mbili za risasi si mzigo wa mtoto wa miaka minane, na siku kidole kilipobanwa kati ya chuma na ukuta, mama yake alinitazama tu. Jumamosi iliyofuata nikaanza kazi.

Mota ya brashi yenye sumaku hugeuza mzunguko ukibadilishanisha nyaya zake mbili. Hilo fundi yeyote wa redio atakuambia. Lakini mota inayozunguka huzalisha umeme wake unaopingana na wa betri, na upinzani huo ndio unaozuia mkondo kupanda. Ukigeuza nyaya kigari kikiwa mbioni, umeme huo unaungana na wa betri badala ya kupingana nao. Kontrola, kile kisanduku kinachogawia mota umeme, inaungua, cheni inaruka, mtoto anatupwa mbele.

Mota yangu ni ya wati 350, volti 24, yaani ampea 15 au zaidi ikiwa na mzigo kamili. Kama yako ina nyaya tatu nene, si ya brashi na somo hili halikuhusu. Angalia kama kontrola yake ina waya wa rivasi tayari.

1. Meno ya nyuma. Mimi nilifunga kila kitu, nikakanyaga, cheni ikarudi nyuma vizuri na kigari kikabaki palepale. Nilikuwa nimetumia meno ya baiskeli, yale yanayolia tiktik. Hayo husukuma upande mmoja tu. Weka meno yaliyokazwa moja kwa moja kwenye ekseli, kisha kaza cheni na uifunike, maana ukirudi nyuma ulegevu wake unahamia upande wa pili.

2. Relei mbili. Relei ni swichi inayovutwa na umeme: isipopata umeme mguu wa 30 unagusa 87a, ikipata unagusa 87. Chomoa betri kwanza. Tumia relei za volti 24 zenye miguu mitano, za lori. Mji ulio kwenye njia ya malori ya Malaba, mpakani na Uganda, hauzikosi. Waya mmoja wa mota uende mguu wa 30 wa relei ya kwanza, wa pili uende 30 ya relei ya pili. Kwenye ya kwanza, 87a ipate chanya ya kontrola na 87 ipate hasi. Kwenye ya pili, kinyume chake. Miguu ya 85 na 86, ile ya koili inayovuta, iunganishwe sambamba ili relei zivute pamoja. Zisipopata umeme, kigari kinakwenda mbele; zikipata, kinarudi nyuma.

Soma ampea za 87a kabla ya kulipa. Mara nyingi ni chache kuliko za 87, na ndiyo itakayobeba mota karibu muda wote. Ilinganishe na ampea za juu kabisa za kontrola, si na zile 15.

Napenda mpango huu kwa sababu relei moja ikigoma, ncha zote mbili za mota zinaangukia upande mmoja na kigari hakisukumwi popote. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na chanya ya betri, na waya wa relei upate fyuzi yake ndogo.

3. Kufuli ya breki. Hapa nilikaa wikendi mbili. Mkono wa rivasi unapita kwenye bati lenye mapengo matatu: mbele, katikati, nyuma. Pini yenye springi inaushikilia, na pini haitoki mpaka pedali ya breki ikanyagwe hadi mwisho. Chini ya pedali kuna swichi ndogo inayogusa waya wa breki wa kontrola na kukata mota. Pengo la katikati lina swichi kama hiyo.

4. Mwendo. Eksileta ya vigari kama hiki hutoa takriban volti 0.8 hadi 4.2. Nilichukua kirungu cha sauti cha redio mbovu, kilo-omu 10, nikakiweka kati ya waya wa ishara na hasi. Mkono ukiwa nyuma, swichi inachukua ishara kutoka mguu wa kati wa kirungu. Punguza mpaka uweze kutembea pole pole kando ya kigari.

5. Jaribio. Magurudumu ya nyuma yawe hewani, juu ya matofali. Chomoa relei moja, ujaribu; magurudumu yasizunguke. Rudisha, chomoa ya pili.

Maswali

*Kondele, Kisumu: Fundi, swichi ya taa ya nyumbani haiwezi?*
Hapana, ndugu yangu. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inajizima. Wa betri haupiti sifuri, na cheche inaweza kubaki mpaka swichi iyeyuke.

*Eldoret: Akikanyaga breki hadi mwisho kwa nukta moja tu, abadilishe kikiwa bado kinateleza?*
Umenishika. Kufuli inajua pedali, haijui mwendo. Binti yangu aligundua siku ya pili. Nikaongeza relei ya muda: mkono ukitoka katikati, eksileta haifanyi kazi kwa sekunde tatu. Kwenye mteremko hata hizo hazitoshi, kwa hiyo tunaendesha pa tambarare tu.

*Kakamega: Wangu ana miaka mitano, mguu haufiki mwisho wa pedali.*
Basi mama, usimpe mkono. Weka swichi ya ufunguo nyuma ya kiti, na ufunguo ukae mfukoni mwako.

*Naivasha: Na vumbi?*
La huku kwetu linaingia kila mahali. Relei zangu nimezigeuza miguu ikitazama chini, ndani ya kopo la plastiki la siagi. King'ora cha rivasi nilikifunga pia, cha lori, kikadumu siku moja. Jirani ana mtoto mchanga.