Nyumba ya mawe Bagamoyo: bandua saruji, rudisha chokaa

Ukuta wa nyumba ya mawe ukianza kumomonyoka chini na rangi kuvimba hadi usawa wa kiuno, wenye nyumba wengi hununua mifuko mitatu ya saruji na kumwita fundi apige lipu mpya. Baada ya masika mawili lipu hiyo huanguka na kuondoka na vipande vya jiwe. Pesa imekwenda, na ukuta umebaki mwembamba kuliko ulivyokuwa.

Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yenye vitundu, yakishikwa na chokaa na udongo, kwa unene wa sentimita 45 hadi 60. Hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa tena hewani. Ukizifunga kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, kwa hiyo hupanda juu zaidi. Chumvi inayokuja nao hukaukia nyuma ya lipu, huvimba, na kulisaga jiwe likawa unga. Chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu. Ikichakaa inachakaa yenyewe, jiwe linabaki. Magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, ni matumbawe na chokaa, na kuta zake kadhaa zimesimama kwa karne nyingi.

Kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, pitia kwanza ofisi ya Mambo ya Kale na halmashauri, ukiwa na picha za kila upande na maelezo ya kazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kale, na kazi iliyosimamishwa ukiwa umeshalipa mafundi ni hasara kubwa.

Pesa ya kwanza iende kwenye maji. Zunguka nyumba mvua ikinyesha, uone yanapoangukia na yanapotuama. Badilisha misumari ya bati iliyolegea, ziba matundu, na kama unanunua bati jipya chukua geji 28, maana hewa ya bahari humaliza bati jembamba upesi. Kisha tazama ardhi ya nje. Mara nyingi imepanda kwa miaka ya takataka na kifusi hadi kuizidi sakafu ya ndani. Ishushe mpaka iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu. Kando ya ukuta chimba mfereji mdogo wa upana wa sentimita 30, usiofika chini ya msingi, ujaze kokoto na uupe mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Usimwage zege kuzunguka nyumba: unyevu ulio chini yake utakimbilia ukutani.

Kazi hiyo ikiisha, bandua lipu ya saruji kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kubomolea hutikisa udongo wa ndani na mawe yakalegea. Anza na mita moja ya chini, ndiko ugonjwa ulipo. Juu kunaweza kusubiri mwaka mwingine. Saruji iliyong'ang'ania kiasi cha kung'oa jiwe iache. Chumvi inayochanua kama unga mweupe ifagie kwa brashi kavu, uikusanye na kuitupa mbali. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Halafu uache ukuta wazi ukauke, miezi miwili ukiweza. Ukibandua mwezi wa sita baada ya masika, unapata kipindi kirefu cha ukavu kabla ya vuli.

Chokaa ya mfuko wa kilo 25 ndiyo rahisi kupatikana. Hakikisha ni ya ujenzi: chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu, haishikani. Mfuko wenye mabonge magumu umeshaingia hewa, urudishe. Loweka unga kwenye pipa hadi uwe uji mzito, acha kidole kimoja cha maji juu yake, funika, na usiutumie kabla ya wiki mbili. Ukikaa miezi mitatu ni bora zaidi. Mfuko mmoja hutoa karibu ndoo mbili za lita 20.

Ukipata chokaa mbichi ya tanuri, kuizima, yaani kuitia maji iwe uji, ni kazi ya hatari. Tumia pipa la chuma, tia maji kwanza, kisha ongeza chokaa kidogo kidogo ukiwa umevaa miwani, glavu na viatu vya kufunika. Maji huchemka na kuruka. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi bila kuacha, kisha hospitali siku hiyohiyo. Watoto wasikaribie kabisa.

Mchanga uwe wa mto au wa shimo, wenye punje kali. Mchanga wa ufukweni, hata kama uko hatua hamsini kutoka mlangoni, unarudisha chumvi uliyokwisha kuifagia. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku mmoja. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine.

Kipimo ni ndoo moja ya chokaa iliyolowekwa kwa ndoo tatu za mchanga. Ukuta wa mita 4 kwa 3, lipu ya milimita 20, unahitaji kama ndoo 12 za mchanga na 4 za chokaa. Ukuta wa matumbawe una mashimo, kwa hiyo andaa 15 na 5, yaani mifuko mitatu. Kanda kwa nguvu, ponda kwa jembe dakika 20, na usikimbilie kuongeza maji; chokaa hulainika kwa kupondwa. Fundi akitaka kutia "saruji kidogo ili ishike haraka", mkatalie.

Jaza mashimo makubwa kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa. Lowesha ukuta jioni, uloweshe tena asubuhi, kwani jiwe kavu hufyonza maji ya lipu na lipu hugeuka unga. Piga mkono (tabaka) wa kwanza usiozidi milimita 10 hadi 12, ukwaruze, ungoje wiki moja, ndipo upige wa pili. Nyufa ndogo zikitokea kesho yake, nyunyiza maji na ukandamize kwa bao la mti. Upepo wa kusi na jua la mchana ndio huharibu zaidi: ning'iniza magunia yaliyoloweshwa na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Chokaa huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikauka kabla haijavuta haitakuwa ngumu vizuri.

Kwenye dari, choma ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, boriti imeoza. Tegemeza dari kwa nguzo na ubao, kisha ingiza boriti mpya pembeni ya iliyooza bila kuing'oa ya zamani, na uache uwazi mdogo wa hewa kwenye ncha. Boriti za mikoko nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Na tafadhali, usimwage zege juu ya sakafu ya boriti. Sentimita 5 tu ni kama kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 3 kitabebeshwa karibu tani moja na nusu, juu ya miti ambayo ncha zake huenda zimeliwa.

Rangi ya mafuta na ya plastiki zote huziba ukuta. Chuja chokaa iliyolowekwa, iyeyushe iwe nyepesi kama maziwa, na upake mikono minne au mitano myembamba juu ya ukuta uliolowanishwa, siku moja kati ya mkono na mkono. Ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu. Weupe unatokea ikikauka, kwa hiyo usiifanye nzito, itabanduka kama maganda.