Somo: Kutofautisha kuzoea na kuchoka

Kuzoea ni kupungua kwa mwitikio wa kiumbe kwa sababu kichocheo kimerudiwa mara nyingi bila kuleta faida wala madhara. Ni aina sahili kabisa ya kujifunza, lakini wanafunzi wengi hutazama mwitikio ukishuka na kutangaza kuwa mhusika amezoea, ilhali huenda misuli yake imechoka tu.

Hatua ya 1. Chagua kichocheo hafifu na mwitikio unaopimika, kwa mfano mlio mdogo na kupepesa kwa macho. Epuka kishindo, kwani kikirudiwa huweza kumfanya mhusika awe mwepesi zaidi wa kushtuka.

Hatua ya 2. Rudia mlio huo huku ukiandika kila mwitikio. Vipindi vifupi kati ya mlio na mlio huushusha upesi zaidi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye uzito wa somo. Mwitikio ukishafifia, leta mara moja kichocheo cha namna nyingine, tuseme mwanga wa ghafla, kisha urudie mlio uleule wa awali. Macho yakipepesa tena kwa nguvu, uchovu hauwezi kuwa sababu, maana misuli iliyochoka haiamshwi na mwanga. Watafiti Thompson na Spencer waliitaja sifa hii mwaka 1966 walipoorodhesha dalili za kuzoea.

Hatua ya 4. Mpumzishe mhusika, kisha anza upya. Mwitikio hurudi, ila safari hii kwa kawaida hushuka haraka kuliko mwanzo.

Maswali na majibu

Swali: Ndani ya neva hutokea nini?
Jibu: Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alimchunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia, ambaye huvuta matamvua yake (viungo vya kupumulia) ndani akiguswa kidogo. Mguso ukirudiwa, neva ya hisi hutoa kemikali chache zaidi kuelekea neva inayoendesha misuli, na mvuto hupungua.

Swali: Je, mtoto mchanga huzoea?
Jibu: Naam. Picha moja ikirudiwa, huitazama kwa muda mfupi zaidi kila mara. Akiikazia macho picha mpya, mtafiti hujua kwamba ameona tofauti, ingawa hajui kusema.

Swali: Mbwa wa mtafiti Pavlov nao walizoea?
Jibu: Hapana, wao walijifunza kuhusisha vichocheo viwili, yaani ishara na chakula. Katika kuzoea kichocheo ni kimoja tu.